Ua Lisilo na Mbegu

Kijiti alichokikata bibi sicho ambacho mimi ningekikata. Macho yangu yalikuwa kwenye matawi ya juu, yale mabichi yenye majani yanayong'aa, ambayo ukiyatazama unadhani yataishi popote utakapoyachomeka. Bibi aliyapita kama hayaoni. Aliinama, akaingiza mkono ndani ya kichaka, akawa anapapasa vijiti kimoja kimoja kwa dole gumba na kidole cha shahada. Cha kwanza alikipinda, kikakunjika kama ulimbo. "Huyu mtoto bado." Cha pili kilipopindwa kilitoa mlio wa kuvunjika. "Huyu mzee." Cha tatu kilipinda kidogo, kikagoma, kikarudi kilipokuwa. Alikisikiliza tena kwa vidole, akakipinda mara ya pili, kikagoma vilevile. Hicho ndicho alichokikata.

Ilikuwa Novemba, Ujiji, Kigoma, mvua zikiwa zimeshashika. Nyumba yake iko kwenye kichochoro kimojawapo cha vile vinavyoteremka kuelekea ziwani, ambako upepo ukigeuka unakuletea harufu ya dagaa walioanikwa. Uani kuna mwembe mmoja, mchikichi mmoja, kamba ya nguo, na kando ya ukuta safu ya makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka na sufuria iliyotoboka kitako. Yote yamepandwa mmea mmoja: asumini. Lakini si ile asumini ambayo kila mtu wa mwambao anaijua, yenye petali moja moja zilizokaa kama nyota. Hii yake ni asumini dabo. Likifunguka, ua huwa kama waridi dogo lililochongwa kwa nta, petali juu ya petali, zimebanana hadi huuoni moyo. Siku moja nilijaribu kuzihesabu. Nilipopita ishirini ua likawa limenichakalia mkononi, na bibi akaniangalia kwa jicho ambalo sikupenda kuliona mara ya pili.

Amezoea kukata kwa wembe. Mkasi, anasema, unaponda. Wembe anaupitisha kwenye moto wa kibatari, anaufuta kwa kitambaa safi, anasubiri upoe. Kijiti kinakuwa na urefu wa shibiri, chenye mafundo matatu au manne. Mkato wa chini anaupiga mshazari, upana wa ukucha chini ya fundo, kwa sababu mizizi hupenda kutokea kwenye fundo na si katikati ya pingili. Mkato wa juu anaupiga ulionyooka. Nilidhani ni mazoea tu, mpaka aliponieleza kwamba ndivyo anavyojua kichwa na miguu vijiti vikichanganyika kwenye beseni. Kijiti kilichopandwa kichwa chini hakiambii mtu. Kinakaa kimya wiki nzima, kisha kinakauka.

Majani ya fundo la chini anayaondoa yote. Na hapa ndipo asumini hii inapojitambulisha hata kabla ya kutoa ua: ile ya kawaida majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana, lakini kwenye vijiti vya bibi majani hutoka matatu matatu kwenye fundo moja, mazito, yenye kigongo kidogo katikati. Yale matatu ya juu hayaondoi. Anayakata nusu, kila jani kwa wembe uleule, ili kijiti kisicho na mizizi kisipoteze maji kwa majani ambayo hakina uwezo wa kuyanywesha. Inachukua muda. Vijiti vinane vilimchukua muda wote kati ya adhana ya Alasiri na chai ya jioni, na hakuna wakati niliomwona akiharakisha.

Udongo ulikuwa umeshatengenezwa tangu wiki iliyotangulia. Mchanga wa ufukweni haukubali, ingawa uko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Anatumia mchanga wa mto, unaoletwa kutoka upande wa Luiche kwa ajili ya wajenzi, na anauosha kwa maji ya mvua mara tatu, mpaka maji ya juu yanakuwa meupe. Kisha anachanganya na mboji ya majani ya mwembe iliyokaa shimoni mwaka mzima: sehemu mbili za mchanga, moja ya mboji. Samadi haitii hata chembe. "Mtoto mchanga humpi ugali," alisema, na hilo ndilo lilikuwa somo lote la samadi.

Kijiti hakichomekwi. Anatoboa shimo kwanza kwa ufito wa mwavuli wa zamani, anakiteremsha taratibu ili ngozi ya mkato isikwaruzwe, kisha anaushindilia udongo pande zote kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Hewa ikibaki kati ya kijiti na udongo, mzizi unaotoka hauna cha kushika. Anamwagia maji kidogo. Halafu anachukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, anakifunika kijiti kama taa ya chemni, kizibo kikiwa mahali pake. Asubuhi inayofuata ndani ya chupa kunakuwa na matone. Matone yakiwa mengi hadi yanateremka, anakifungua kizibo kwa saa moja. Yakiwa hayapo kabisa, ananyunyiza. Makopo yote manane yanapangwa chini ya mwembe, upande unaopata jua la asubuhi pekee.

Baada ya hapo kunakuwa hakuna kazi, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Wiki ya tatu nilipopita, kijiti kimoja kilikuwa kimetoa jani jipya, dogo, la kijani kibichi. Nilimpa hongera. Alitikisa kichwa. Jani si ushahidi, alisema. Kijiti kinaweza kutoa jani kwa akiba iliyomo ndani yake, kama mtu anayekula akiba bila kuwa na kazi. Ushahidi uko chini. Alilinyanyua kopo, akaligeuza polepole juu ya kiganja, akanionyesha matundu aliyotoboa kwa msumari. Hakuna kitu. Siku mzizi mweupe utakapochungulia kwenye tundu mojawapo, ndipo ataamini. Kwa asumini ya kawaida hiyo ni wiki nne au tano. Dabo ni mkaidi: wiki nane, wakati mwingine zaidi, na mara nyingi haiji kabisa.

Kwa vile vikaidi ana njia nyingine. Anachukua tawi refu lililo karibu na ardhi, analikwaruza upande wa chini, karibu na fundo, analiinamisha na kulizika sehemu hiyo ndani ya kopo la udongo lililowekwa kando, jiwe juu yake, ncha ikibaki nje. Tawi linaendelea kunyonya kwa mama yake huku likijifunza kuota mizizi. Miezi mitatu baadaye analikata kutoka kwa mama, lakini si mara moja. Siku ya kwanza anakata robo ya unene wa tawi. Baada ya wiki, nusu. Wiki ya tatu ndiyo analimaliza. Niliuliza anaogopa nini. Akajibu kwamba yeye haogopi kitu. Anayeweza kuogopa ni mti.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini asipande mbegu akapumzika. Nami niliuliza, na jibu liko ndani ya ua lenyewe. Ua la kawaida lina mpangilio: petali za kuita wadudu, stameni za kutoa chavua, na katikati ovari ya kubeba mbegu. Katika maua mengi ya dabo, mahali palipopaswa kuota stameni panaota petali. Kiungo kilichotakiwa kwenda kazini kimevaa nguo za harusi. Ua linapendeza maradufu, lakini chavua hakuna au ni kiduchu, na mbegu ndiyo hivyo tena. Asumini ya jamii hii hata ile ya kawaida hutoa tunda kwa nadra. Hii dabo, bibi ameilea miaka yote hiyo na hajawahi kuokota mbegu moja. Maana yake ni kwamba kila kichaka cha asumini dabo unachokiona kilikuwa tawi la kichaka kingine, na kile kingine kilikuwa tawi la kingine, bila kukatika hata mahali pamoja. Mkono mmoja ukichoka, mnyororo umekwisha.

Wenyeji wa Ujiji hawashangazwi na habari kama hizo. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone kuna miembe miwili. Ule mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 ulishakufa zamani. Hii miwili, kwa maelezo wanayopewa wageni, ilitokana na ule wa kwanza. Watu hupiga picha chini yake na hawajisikii wamedanganywa.

Kijiti cha kwanza cha asumini dabo kilimfikia bibi mwaka ambao haukumbuki kwa tarehe, anaukumbuka kwa mtoto: alikuwa akimnyonyesha wa tatu. Shangazi yake alikileta kutoka Dar es Salaam kwa treni, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kikiwa kimeviringishwa ndani ya ganda bichi la mgomba na kufungwa kwenye pindo la khanga. Kila kituo kikubwa shangazi alikuwa anashuka kutafuta maji ya kulilowesha lile ganda. Vilikuwa vijiti vinne. Viwili vilifika vikiwa vimekufa, kimoja kilikufa Ujiji. Vyote vilivyomo uani leo ni kile kimoja.

Nilimsimulia habari za Cosimo III, mtawala wa Toscana wa ukoo wa Medici. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 17 aliletewa mche wa asumini dabo kutoka Goa, India, akaupanda kwenye bustani yake karibu na Florence, akapiga marufuku mtu yeyote kutoa hata kijiti kimoja nje ya ukuta. Ndiyo sababu mpaka leo wakulima wa maua huiita asumini hii Grand Duke of Tuscany, yaani mtawala mkuu wa Toscana. Inasemekana pia mtunza bustani mmoja aliiba tawi kwa ajili ya mchumba wake, na hapo siri ikatoka. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachagua mchele. Hakuulizia mchumba.

"Na huo mmoja ungekufa?" aliuliza.

Chupa yake ya chai ina picha ya ua kubwa jekundu lililojaa petali. Kwa muda mrefu alidhani ni waridi. Nilimwambia kwamba nionavyo mimi ni tulipu dabo, ua linalolimwa sana Uholanzi, na kwamba hukua kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu maji. Akataka nimletee. Ikabidi nieleze kwamba tunguu la tulipu halitoi ua mpaka lilale udongoni kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9, wiki 12 au zaidi, na hapa Kigoma hata usiku wa Julai haukaribii baridi ya jokofu. Lingeoza. Nilimweleza pia kwamba Waholanzi nao hawapandi mbegu zake wakitaka ua lilelile; mbegu ya tulipu huchukua miaka mitano hadi saba kufika kwenye ua, na hujui litatoka la namna gani. Wanatenganisha vitoto vya tunguu, mwaka baada ya mwaka. Ipo dabo moja waliyoipa jina la Murillo, ya mwaka 1860, ambayo kwa kulimwa hivyo kwa miaka mingi imebadilika rangi yenyewe mashambani mara nyingi, na kila ilipobadilika alikuwepo mtu aliyeliona tunguu hilo moja katikati ya maelfu akaliweka pembeni.

Hilo la mwisho lilimgusa. Aliniuliza mara mbili: aliliona, katikati ya yote? Kisha akauliza swali lake.

"Linanukia?"

"Mengi hayanukii sana, bibi."

"Ahaa," akasema, na tulipu ikaishia hapo.

Sasa maji. Hapa nina kesi yangu mwenyewe. Mwaka juzi alinipa mche uliokwisha kushika, wenye majani tisa, nikauweka kibarazani kwangu Mwanga, hapa mjini Kigoma, na kuumwagilia kila siku maji ya bomba kwa mapenzi yote. Mwezi wa pili majani yakaanza kugeuka njano, lakini njano ya ajabu: mishipa ilibaki kijani, katikati yake pamefifia, kama ramani ya mito. Nikaongeza mbolea. Yakazidi. Nilipompelekea jani, hakuuliza nimeweka mbolea gani. Aliuliza maji nimetoa wapi.

Maji ya bomba hapa mjini hutoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana ualkali. Kipimo chake cha pH hukaribia 9. Mtu anayanywa, samaki wanayafurahia, michicha haina shida nayo. Asumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukiinywesha maji ya ziwa miezi miwili mfululizo, chuma kilichomo udongoni kinajifunga na mizizi inashindwa kukichukua, ndipo jani linapauka kati ya mishipa. Bibi hajawahi kusikia pH. Anachojua ni kwamba maji ya ziwa yakikauka kwenye sufuria yanaacha utando mweupe, na kwamba asumini "haiutaki ule weupe". Kwa hiyo chini ya mchirizi wa bati lake kuna mapipa mawili ya maji ya mvua yenye vifuniko. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa hazipo, mapipa hayo ni ya asumini tu. Wajukuu wanaoga maji ya bomba. Kila kopo linapata kikombe kimoja cha chai, jioni, kwa kuzungusha pembeni mwa kopo na si shinani. Mche wangu haukupona.

Mwishoni mwa Septemba anafanya jambo ambalo mgeni akiliona anaweza kumhurumia. Kwa wiki mbili anapunguza maji mpaka majani yanalegea. Kisha anachukua mkasi wa kupogolea na kukata vichaka vyote hadi usawa wa goti, na majani yaliyobaki anayanyofoa kwa mkono. Uani panabaki vijiti vitupu kwenye makopo, kama fito za kuezekea zilizosahauliwa. Asumini hutoa ua kwenye chipukizi mpya, kwenye tawi la zamani haitoi. Mvua ya kwanza ikija, kila fundo lililobaki linatoa chipukizi mbili, tatu, na kila chipukizi inabeba tumba nchani. Anayeogopa kukata, anasema, anabaki na majani mazuri sana.

Chipukizi hizo laini ndizo vidukari wanazozipenda. Asubuhi bibi anapita na miwani yake, anageuza ncha moja moja. Wakiwa wachache anawaponda kwa vidole. Wakizidi, anayeyusha kipande cha sabuni ya mawese kwenye maji na kuwapaka kwa kitambaa jua likishazama, kwa sababu sabuni na jua la mchana huunguza majani; asubuhi anasuuza. Anafuata pia njia ya sisimizi wadogo weusi wanaopanda shinani, maana wao huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wao, na anaikata njia hiyo kwa duara la majivu.

Matumba hutoka matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. La katikati hutangulia. Mwanzoni ni la kijani na dogo kama punje ya mtama, kisha linakuwa na rangi ya mchele, kisha siku moja mchana linajaa na kuwa jeupe kama maziwa, limebana kama ngumi ya mtoto. Siku hiyo ndiyo ya kuchuma. Jana yake lingekataa kufunguka. Kesho yake lingekuwa limefunguka usiku na kutoa harufu yake yote kwa mtu asiyekuwepo. Bibi hutoka saa kumi jioni na kisahani kilicholazwa jani la mgomba. Havuti. Anaweka kidole gumba chini ya shingo ya tumba, analikunja nyuma kidogo, linatoka na mlio mdogo mkavu. Yale mawili ya pembeni anayaacha. Yana zamu yao baada ya siku mbili tatu. Nilimwona akirudi kwenye kichaka kimoja mara ya pili kwa sababu ya tumba moja aliloliruka. Alilitazama kwa muda, akaliruka tena.

Jumamosi moja kulikuwa na arusi ya jirani. Asumini dabo haitungiki vizuri kama ile ya kawaida, kwa kuwa mrija wake ni mfupi na kichwa kizito. Ukiipitisha sindano kwa urefu inapasuka. Kwa hiyo koja alilitunga kwa asumini za kawaida zilizoletwa na binti wa nyumba ya pili, na kila baada ya kumi na mbili akaweka dabo moja, sindano ikipita kwa upana, chini kabisa, kwenye nyama ngumu ya kitako. Uzi aliulowesha. Kila dabo aliishikilia kwa fundo dogo upande huu na upande ule ili isiteleze. Kwenye kikuba aliweka dabo tatu katikati ya majani ya rehani. Matumba yote yalikuwa bado yamefumba. Ukiyatazama ungeona shanga tu. Yangefunguka shingoni mwa bibi arusi, wakati ngoma imeshachanganya.

Alipomaliza alikusanya uzi uliobaki, akauviringisha kwenye kibiriti, akanyanyuka kwa kushika goti. Alipita chini ya mwembe, kwenye yale makopo manane ya Novemba. Matano alishayamwaga. Mawili yalikuwa na mizizi. Aliliinua la mwisho, akaligeuza juu ya kiganja, akasogea penye mwanga, akachungulia matundu.

"Bado," alisema, akalirudisha mahali pake na kukaza kizibo.